Kidonge Kilichongoja Kibali: Watu Wenye Kifafa Nchini Uganda Wakati wa UVIKO-19

Ndugu msomaji, tunapolitaja janga la UVIKO-19 huwa tunakumbuka hesabu za waliopimwa, waliolazwa na waliofariki kwa virusi vyenyewe. Hiyo ni historia ya kweli, ila si historia yote. Kila janga huacha nyuma yake historia ya pili: ya watu ambao ugonjwa mpya haukuwagusa, lakini amri zilizotungwa ili kuuzuia ziliwagusa pabaya. Leo, katika mfululizo wetu wa nchi jirani, nakualika tuvuke mpaka hadi Uganda, tuwatazame watu wanaoishi na kifafa katika mwaka 2020. Tutajifunza kwao jambo moja: amri ya dharura humtambua mgonjwa anayebebwa mahututi, lakini ni vigumu kumtambua yule aliyesimama wima kwa sababu tu ya kidonge alichomeza asubuhi.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Kifafa ni hali ya ubongo ambamo umeme wa chembe zake huvurugika kwa ghafla, mtu akapoteza fahamu, akaanguka na kutetemeka, au akaduwaa kwa sekunde chache pasipo kuanguka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu takriban milioni 50 wanaishi na hali hii, na karibu asilimia 80 yao wamo katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Hakiambukizwi kwa mate, wala kwa povu, wala kwa kumshika aliyeanguka. Hata hivyo wengi wetu tumekulia katika jamii zilizoamini kinyume. Wapo wanaolihusisha neno lenyewe na kitenzi “kufa”, kana kwamba anayeanguka amekufa kidogo. Iwe hiyo ndiyo asili ya neno au siyo, imani iliyomo ndani yake imewafanya wengi waachwe peke yao karibu na moto au maji pale walipohitaji mkono wa jirani.

Tiba ipo, na si ya jana. Dawa ya fenobabitoni ilianza kutumika kwa kifafa mwaka 1912, na gharama yake kwa mgonjwa mmoja inaweza kuwa chini ya dola tano za Kimarekani kwa mwaka. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka iwapo watapata dawa zinazofaa na kuzitumia ipasavyo. Lakini dawa hizi zina sharti moja gumu: hazikatizwi ghafla. Anayeziacha kwa siku chache anaweza kuanguka tena, na pengine mishtuko ikafuatana bila fahamu kurejea katikati. Hali hiyo huua, au humwachia mtu ulemavu wa kudumu. Kwa hiyo, kwa mwenye kifafa, pakiti iliyokwisha ni hatari ambayo bado haijaonekana machoni pa wengine.

Sasa twende kaskazini mwa Uganda, katika wilaya za Kitgum, Pader na Lamwo, nchi ya Waacholi. Huko kifafa kina historia ya pekee. Miaka ya mwanzo ya karne hii, wazazi walianza kuona watoto waliokuwa na afya njema wakiinamisha vichwa mara kwa mara, hasa walipoletewa chakula au walipopigwa na baridi. Baadaye wengi walidumaa, wakaacha shule, na wakaanza kuanguka kifafa. Mwaka 2009 wataalamu wa Uganda, wakisaidiwa na wenzao wa Marekani, walianza kuuchunguza ugonjwa huo, na hesabu ya watoto waliotajwa kuupata ikafika maelfu. Uchunguzi ulionyesha uhusiano wa karibu kati yake na usubi, yaani ugonjwa wa minyoo inayoenezwa na inzi weusi wanaozaliana katika mito yenye maji ya kasi. Mwaka 2012 serikali ilifungua vituo vya tiba katika wilaya hizo, ikagawa dawa za kifafa, na ikaongeza juhudi za kuwaangamiza inzi hao na kugawa dawa ya minyoo.

Hapa Mtanzania asidhani kwamba anasimuliwa habari ya watu wa mbali. Watoto wa namna hiyo walikwisha kuonekana Mahenge, mkoani Morogoro, katika miaka ya 1960, na daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, aliyeanzisha kliniki ya kifafa miongoni mwa Wapogoro. Ni historia moja inayozishika nchi zetu mbili.

Jambo la pili kuhusu wilaya hizo ni vita. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi 2006, eneo la Waacholi lilikuwa uwanja wa mapigano kati ya jeshi la serikali na waasi wa Joseph Kony. Kuanzia 1996 wakazi walihamishiwa katika kambi, na mwaka 2005 watu waliohamishwa kaskazini mwa nchi walikadiriwa kufika milioni 1.8. Kambini mtu hakutoka apendavyo: kulikuwa na saa za kwenda shambani na saa za kurudi, na aliyekutwa nje ya mipaka alihatarisha maisha yake. Kumbuka jambo hili, msomaji, kwa sababu kizazi kilicholelewa kambini ndicho kilichokuwa kikiwalea wagonjwa ilipofika 2020.

Uganda ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa UVIKO-19 tarehe 21 Machi 2020. Hatua zilifuatana upesi. Shule zilikuwa zimekwisha kufungwa, mipaka ikafungwa kwa wasafiri, na tarehe 25 Machi usafiri wa umma ukapigwa marufuku. Siku tano baadaye magari ya watu binafsi nayo yalizuiwa, na amri ya kutotoka nje usiku ikaanza. Pikipiki za bodaboda, ambazo kijijini ndizo teksi na mara nyingi ndizo gari la wagonjwa, ziliruhusiwa kubeba mizigo tu, tena kwa saa maalumu. Hazikurudishiwa ruhusa ya kubeba abiria hadi mwishoni mwa Julai.

Je, mgonjwa angefikaje hospitalini? Ilibidi apate kibali cha Mkuu wa Wilaya Mkaazi. Cheo hiki kimo katika Katiba ya Uganda ya 1995, na mwenye cheo huteuliwa na Rais, mfano wa mkuu wa wilaya kwetu. Kanuni zenyewe zilitolewa chini ya Sheria ya Afya ya Umma, sheria iliyoanza kutumika mwaka 1935, zama za Waingereza. Sheria ya namna hiyo ilitungwa kwa ajili ya tauni na ndui: inajua kufunga njia na kutenga watu. Haikutungwa kwa ajili ya mtu anayehitaji kidonge kila siku maisha yake yote.

Fikiri sasa juu ya mzazi wa kijijini ambaye mwanawe amebakiwa na vidonge vya siku nne. Mfumo wa afya wa Uganda una ngazi: wahudumu wa afya wa kijiji, kisha vituo vya daraja la II, III na IV, kisha hospitali. Kituo kidogo kilicho jirani mara nyingi hakina dawa za kifafa, au kimeishiwa. Zaidi ya hayo, kifafa nchini humo hutibiwa kwa kawaida katika kliniki za afya ya akili, ambazo wataalamu wake ni wachache na wako mbali. Ili kuifuata dawa, mzazi huyo angehitaji kwanza kibali. Ili kupata kibali, angehitaji kufika makao ya wilaya au kumpata ofisa kwa simu. Na ili kufika makao ya wilaya, angehitaji usafiri uleule uliozuiwa. Kisha, akisimama mbele ya ofisa, angeulizwa: mgonjwa yuko wapi? Naye angejibu kwamba mgonjwa yuko nyumbani, anacheza, hajambo. Ni nani angempa gari la dharura mtu asiye na dharura?

Haya hayakuwa matatizo ya wenye kifafa peke yao. Zilipoenea habari za wajawazito waliokwama njiani, Rais Yoweri Museveni alitangaza mwezi Aprili kwamba wajawazito wasingehitaji tena kibali. Lilikuwa sahihisho la haki. Litazame, hata hivyo, kwa jicho la raia: amri ilirekebishwa kwa kundi ambalo hali yake huonekana kwa macho na ambalo kilio chake kilisikika. Mwenye kifafa hana tumbo la kuonyesha kizuizini, na mara nyingi familia yake imezoea kumficha. Unyanyapaa ulimnyima sauti kabla janga halijamnyima usafiri.

Linganisha pia na wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Kwa miaka mingi kabla ya 2020, wao na watetezi wao walikuwa wamepigania utaratibu wa kupewa dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo mmoja, na wa kupelekewa dawa karibu na makazi yao. Ilipofungwa nchi nao walitaabika, lakini palikuwapo daftari la majina yao, palikuwapo vikundi vyao, na walikuwapo watu waliojua pa kuwapelekea dawa kwa baiskeli na pikipiki. Ugonjwa mmoja ulikutwa na dharura ukiwa umejipanga. Mwingine ulikutwa mtupu. Tofauti haikuwa ukali wa maradhi wala bei ya dawa, maana fenobabitoni ni miongoni mwa dawa za bei nafuu. Tofauti ilikuwa miaka ya kudai na kujipanga.

Haki inataka tuseme pia upande wa pili. Serikali ya Uganda haikufunga nchi kwa ukatili. Ilikuwa na vitanda vichache vya wagonjwa mahututi, na iliona yaliyokuwa yakitokea Ulaya. Hadi Julai 2020 haikuwa imetangaza kifo hata kimoja cha UVIKO-19, na wengi waliisifu kwa hilo. Wala tatizo halikuwa la Uganda peke yake: Shirika la Afya Duniani lilipokusanya taarifa za nchi 130 mwaka huohuo, zaidi ya theluthi moja zilieleza kwamba hata huduma za dharura, zikiwamo za watu wenye mishtuko ya muda mrefu, zilikuwa zimevurugika. Mwaka 2022 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha mpango wa hatua kuhusu kifafa na maradhi mengine ya mishipa ya fahamu, unaofika hadi 2031. Lakini mpango wa Geneva hauwezi kuvuka kizuizi cha kijijini pasipo raia wanaoudai.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, sisi ambao hatukuwekewa kafyu tusijione tumesalimika na swali hili. Mafuriko hukata barabara, vita hufunga mipaka, na magonjwa mapya yatakuja. Ukihudhuria mkutano wa kijiji au wa mtaa, uliza: ni nani hapa wanaoishi kwa dawa ya kila siku, na orodha yao anayo nani? Je, zahanati yetu inaweza kuwapa dawa za miezi mitatu badala ya mmoja? Barabara ikifungwa, ni nani aliyepewa jukumu la kuwapelekea? Maswali haya hayahitaji fedha nyingi, ila yanahitaji kuulizwa mapema, wakati wa utulivu.

Na ukimkuta mtu ameanguka kifafa, usikimbie. Mwondolee vitu vya hatari, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, wala usimbane kwa nguvu. Tazama saa: mishtuko ikizidi dakika tano, tafuta msaada wa hospitali mara moja. Kaa naye hadi fahamu zimrudie, kisha muulize, kwa upole na faraghani, kama dawa zake bado zipo.