Leona Florentino na Isabelo de los Reyes

Leona Florentino (1849–1884) na mwanawe Isabelo de los Reyes (1864–1938), wazaliwa wa Vigan mkoani Ilocos Sur, Ufilipino, wanastahili kutajwa pamoja. Mama alitunga mashairi kwa Kiilokano na Kihispania, yakiwemo ya kupongeza jamaa na marafiki katika sherehe zao. Mwana akayachapisha katika kitabu chake El folk-lore filipino, na mwaka 1889 akaanzisha El Ilocano, gazeti la lugha hizo mbili. Wapo watakaopinga wakisema kwamba Isabelo alifanya kazi Manila, hivyo si mtu wa mkoa huo. Hoja hiyo haina uzito: lugha ya nyumbani ndiyo aliyoipeleka mtamboni, na bila chapa yake tungo za mama, zilizokusudiwa hafla za siku moja, zingekuwa hatarini kupotea.