Mpala: ngome iliyogeuka kanisa

Kando ya ziwa Tanganyika, katika teritwari ya Moba, pale mto Lufuko unapoingia ziwani, iko misioni ya kale ya Mpala. Wengi wanaijua kama mahali pa kusali. Lakini kuta zake za kwanza zilijengwa kwa ajili ya bunduki.

Mwaka 1883 afisa wa jeshi la Ubelgiji, Émile Storms, alifika hapo akitumwa na shirika la mfalme Léopold wa Pili. Alijenga ngome ya kuta nene. Desemba 1884 watu wake walimuua chifu Lusinga, na kichwa cha chifu huyo Storms alikipeleka Ubelgiji. Mwaka 1885 mfalme alimwita arudi, na ngome ikaachiwa Mapadri Weupe. Ndani ya kuta zilezile wakaanza kufanya ibada.

Hawakuzibomoa kwa sababu zilihitajika. Wakati ule wafanyabiashara ya watumwa, wakiwemo watu wa Rumaliza wa Ujiji, walikuwa wakichoma vijiji na kukamata watu kandokando ya ziwa. Waliotoroka walikimbilia Mpala. Wengine, hasa watoto, walikuwa watumwa waliokombolewa na mapadri. Mwaka 1887 akaja Kapiteni Léopold Joubert, Mfaransa, kuilinda misioni kwa silaha.

Kwa hiyo Wakristo wa kwanza wa Mpala walikuwa zaidi wahamaji: watu wa makabila mbalimbali waliopoteza nyumba, mashamba na ndugu.

Usalama ule haukuwa wa bure. Aliyepokelewa alipaswa kufanya kazi ya misioni na kutii sheria za mapadri, ambao walitawala kama machifu. Ukuta uliozuia adui kuingia ulimfunga pia aliyekuwa ndani. Wazee wanaposimulia misioni, mambo hayo mawili yasitenganishwe.

Vita vya watumwa vilipotulia, ujenzi nao ulibadilika. Baudouinville, misioni iliyoanzishwa mwaka 1893 huko Kirungu, lilisimama kanisa kubwa la matofali. Wenyeji ndio waliokanda udongo, wakachoma matofali na kuyabeba. Huko Baudouinville, tarehe 21 Julai 1917, Stefano Kaoze, mtoto wa eneo lile aliyesoma Mpala, alipewa upadri. Ndiye padri Mkongomani wa kwanza wa nyakati hizi.

Hata leo familia zinazokimbia vita mashariki mwa Kongo mara nyingi hulala kwanza kanisani au katika madarasa ya parokia. Hakuna anayepaswa kuwaambia kwamba wamevamia nyumba ya watu. Parokia nyingine zilianzishwa na watu kama wao.

Majina ya mafundi na wabeba matofali hayakuandikwa ukutani. Mwenye babu au bibi anayeyakumbuka amuulize mapema, ayaandike.