Kompyuta pepe: ganda bila kiini

Mkulima wa mpunga anajua pepe ni nini: punje yenye ganda kamili ambayo ukiiminya haina kitu. "Pepe" la kompyuta pepe, ile inayoigizwa ndani ya kompyuta nyingine, wengi hulisikia kama lile la barua pepe, la upepo, kwa hiyo wako wanaoona afadhali "kompyuta dhahania". Mimi nabaki na pepe, na sababu yangu ni hilo ganda.

Twende Kagera, kwenye madini, tulione ganda hilo kazini. Kabanga, wilayani Ngara, nikeli imetafutwa tangu miaka ya 1970. Kampuni ya Barrick iliuchukua mradi mwaka 1999, leo uko chini ya Tembo Nickel. Biharamulo, mgodi wa Tulawaka ulianza kutoa dhahabu mwaka 2005, ukanunuliwa na STAMICO, shirika la madini la taifa, mwaka 2013, sasa ni STAMIGOLD. Wenye mali hubadilika. Shimo lililochorongwa hubaki palepale, na vipimo vyake vina thamani kwa kila anayekuja. Katika kazi ya madini, vipimo vya namna hii vilichakatwa kwa programu kama Surpac na Datamine, ambazo matoleo yake ya zamani yalidai kifunguo: kidude kinachochomekwa nyuma ya kompyuta. Kikikosekana, programu haifunguki.

Kompyuta ya namna hiyo ikichoka, fundi hunakili diski yake nzima na kuiwasha ndani ya kompyuta mpya, kama kompyuta pepe. Windows XP iliyomo, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Aprili 2014, inaonyeshwa diski, kadi ya mtandao, hata kioo, vyote vya kuigiza. Inaamini iko nyumbani. Ganda lote lipo. Kiini, yaani prosesa na memori, ni cha mwenyeji. (Mwenyeji ni kompyuta mpya, mgeni ni ile pepe iliyo ndani yake: hapa istilahi zilijitafsiri zenyewe.) Kitu cha dhahania huishi kichwani tu. Kompyuta pepe inakula memori, inajaza diski, na inakwama kama kompyuta nyingine yoyote. Wala si jambo la juzi: IBM ilitangaza VM/370, mfumo wa kompyuta pepe, mwaka 1972.

Kinacholiumbua ganda ni kifunguo. Programu hukiuliza swali, nacho hujibu. Kukiigiza si kazi nyepesi, na mara nyingi leseni haikuruhusu. Cha USB hakisumbui sana, mwenyeji humkabidhi mgeni tundu lenyewe. Taabu ni kile cha pini 25, cha tundu la printa. Kompyuta mpya nyingi hazina tundu hilo, na kebo za kugeuza USB kuwa tundu hilo kwa kawaida huielewa printa tu. Ziko pia programu zilizofungwa kwa anwani ya kadi ya mtandao. Hizo ni rahisi, maana kadi ya kompyuta pepe kwa kawaida hupokea anwani utakayoiandikia, ilimradi mwenye programu ameridhia.

Ila mashine kuukuu ikishauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu na kidude kikiwa bado nyuma yake, nakala ya diski itawaka vizuri kabisa, XP itafunguka, na programu ya vipimo itadai kifunguo.