Sifa za Tabibu na Jina Lililofutwa: Ronsard, Grévin na Ugomvi wa Antimoni

Wahakiki wa ushairi wa Ulaya wa karne ya 16 aghalabu huzipita upesi tungo za kuwasifu matabibu, wakizihesabu kuwa ubembelezi tu. Katika visasili vya Wagiriki, Apollo ni mungu wa ushairi na wa uganga pia. Kwa hiyo tabibu aliyejua kutunga aliweza kusifiwa kwa fani mbili kwa mpigo. Historia ya Jacques Grévin wa Ufaransa, hata hivyo, yaonyesha jinsi sifa hizo zilivyofungamana na mapote ya wakati wake.

Grévin alikuwa akisomea utabibu mjini Paris, na kuandika tamthilia, Pierre de Ronsard alipomtungia soneti ya kumfananisha na Apollo. Mwaka 1561 tamthilia za kijana huyo zilichapishwa pamoja na elejia ndefu ya Ronsard ya kumsifu. Vita vya dini vikazuka mwaka 1562. Grévin, Mprotestanti, akawa upande wa waliomshambulia Ronsard, Mkatoliki, kwa mashairi. Ronsard alilipiza kwa kulifuta jina lake. Elejia iliondolewa katika diwani zake, na ile soneti ikapewa mtu mwingine, Patoillet. (Apollo, yaelekea, alimfaa yeyote.)

Katika utabibu wenyewe mambo yanatatanisha zaidi. Mwaka 1564 Loys de Launay, tabibu wa La Rochelle, aliitetea antimoni, madini ambayo wafuasi wa Paracelsus waliyatumia kutapisha na kuharisha wagonjwa. Mwaka 1566 Grévin alimjibu kwa ukali, akishikilia mafunzo ya Galen na kusisitiza kuwa antimoni ni sumu. Mwaka huo huo Kitivo cha Utabibu cha Paris kikaitangaza hivyo. Basi aliyekuwa mwasi katika dini alikuwa mlinzi wa mapokeo katika tiba. Wanaouambatanisha moja kwa moja Uprotestanti na mkondo wa Paracelsus hawana budi kumtazama Grévin upya.

Alifariki Turin mwaka 1570, mbali na Kitivo alichokipigania. Mwaka 1656 mtawa Étienne Carneau alichapisha shairi refu la kishujaa lenye kuchekesha, lililoipendelea antimoni na kutunukiwa matabibu wa Kitivo hicho hicho. Mwaka 1666, miaka 100 kamili baada ya kuikataa, Kitivo kikaikubali. Wagonjwa waliendelea kutapika kama kawaida.