Fedha Zilizoliwa na Laghai: Je, Hurudi?

  Leo hatutasoma habari za wafalme wala za vita. Tutasoma habari za fedha, na swali letu ni moja tu: mtu akimpa laghai akiba yake kwa kuahidiwa faida kubwa, na hila ile ikagunduliwa, je, aweza kuzipata fedha zake tena?

Swali hili si geni kwetu. Katika Tanzania, kuanzia mwaka 2007, palikuwa na shirika lililoitwa DECI. Watu walitoa fedha wakasema "wanapanda mbegu", kisha wakangoja "kuvuna". Mwaka 2009 serikali ililisimamisha, na viongozi wake wakapelekwa mahakamani. Kenya nayo ilipatwa na mambo ya namna hiyo mwaka 2006 na 2007. Kila mahali milango ilipofungwa, watu walisimama nje wakaulizana: fedha zetu ziko wapi?

Ili tulijibu swali hilo, turudi nyuma zaidi ya miaka mia moja, twende mpaka mji wa Boston, Marekani. Huko swali hilihili lilipelekwa mbele ya mahakama kubwa kabisa ya nchi, na majaji wakalijibu waziwazi.

Charles Ponzi alizaliwa Italia mwaka 1882, akafika Marekani mwaka 1903. Alifanya kazi nyingi ndogo ndogo, na kabla ya kupata sifa alikuwa amekwisha kufungwa mara mbili, mara ya kwanza huko Kanada kwa hundi ya uongo. Watu wa Boston hawakuyajua hayo. Wao walimwona bwana mwenye suti nzuri na maneno matamu.

Mwezi wa Desemba 1919 alianza kazi yake kwa dola 150. Alisema hivi: katika nchi nyingi posta ziliuza kuponi, ambayo mtu aliitia ndani ya barua ili anayemwandikia apate stempu ya kujibia. Baada ya vita kuu ya kwanza, fedha za Italia zilikuwa zimeshuka thamani. Basi, alisema Ponzi, mimi nanunua kuponi rahisi huko, nazibadili huku kwa bei kubwa. Nipe dola 100, na baada ya siku 90 nitakupa 150. Na kweli aliwalipa watu wa kwanza, tena hakungoja siku 90, aliwalipa baada ya 45.

Mtu aliyepata dola 50 za bure hakai kimya. Alimwambia shemeji yake, naye shemeji akamwambia jirani. Hata polisi wengi wa Boston waliweka fedha zao. Kufika mwezi wa Julai 1920 Ponzi alikuwa akipokea karibu dola milioni moja kila wiki.

Sasa tufanye hesabu kidogo, na mwalimu wa darasa ataiandika ubaoni. Watu 10 wanaleta shilingi 100 kila mmoja. Jumla ni 1,000. Wakala aliyewaleta anachukua sehemu yake, 10 katika kila 100, kama mawakala wa Ponzi walivyochukua. Zimebaki 900. Lakini watu wale 10 wameahidiwa 150 kila mmoja, yaani 1,500. Tazama basi: mwenye kazi hii amepungukiwa shilingi 600, na bado hajajinunulia hata sahani ya wali! Atazitoa wapi? Kwa watu wapya. Na hao wapya nao wameahidiwa vilevile. Kwa hiyo, kadiri wateja wanavyozidi, ndivyo shimo linavyozidi kwenda chini.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Ponzi. Katika miezi minane alipokea dola 9,582,000, akatoa hati za kuahidi kulipa dola 14,374,000. Hakuwa na biashara yo yote. Bwana Clarence Barron, mtu mwenye kuyajua sana mambo ya fedha, alipiga hesabu akaona kwamba kazi kubwa namna ile ingehitaji kuponi milioni 160, na kuponi zote zilizokuwa zikitumika zilikuwa kama 27,000 tu. Mimi nastaajabu kwamba hesabu hii haikufanywa mapema, maana haihitaji chuo kikuu. Lakini mtu anayelipwa hana haja ya kuhesabu.

Tarehe 26 Julai 1920 wakubwa wa serikali walianza kumchunguza, naye akaacha kupokea fedha mpya. Watu wakaingiwa na hofu, wakaenda kudai. Ponzi aliwalipa hadharani, akawagawia kahawa na maandazi wale waliosimama katika foleni. Wengine walipoona hivyo walirudi nyumbani na hati zao, wakiona aibu kwa kumshuku. Tarehe 2 Agosti gazeti liitwalo Boston Post liliandika kwamba Ponzi amefilisika kabisa. Ndipo watu walipokwenda mbio na kusukumana mlangoni. Tarehe 9 Agosti akaunti yake kubwa katika benki ya Hanover Trust ilikuwa imekwisha, tena ilikuwa na deni. Siku chache baadaye Ponzi alikamatwa. Benki ile nayo ilifungwa.

Hapa ndipo linapoanza jambo letu hasa. Watu wengi hudhani kwamba laghai akikamatwa, fedha zitakutwa mahali, chini ya kitanda au katika sanduku la chuma, na kazi itakuwa kuzigawa tu. Sivyo. Fedha nyingi za Ponzi zilikuwa zimekwisha kutoka, na waliozichukua si wezi wenzake. Ni wateja wenyewe, wale waliolipwa kwanza.

Wasimamizi waliowekwa kukusanya mali ya Ponzi waliwashtaki baadhi ya watu waliolipwa tangu tarehe 2 Agosti, siku zile za mbio. Waliwaambia: rudisheni, ili kila mtu agawiwe. Watu wale wakakataa. Nao walikuwa na neno la maana. Walisema: "Sisi hatukuchukua faida. Tulidanganywa, tukaurudisha mkataba, tukapewa fedha zetu wenyewe tulizotoa juzi. Kosa letu nini?" Jaji wa kwanza alikubaliana nao. Mahakama ya rufani nayo ikakubaliana nao.

Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, na hukumu ilitolewa mwaka 1924 na Jaji Mkuu William Howard Taft, ambaye zamani alikuwa Rais wa nchi. Taft alisema kama mtu angeweza kuonyesha kwamba dola hizi ndizo dola zake zilezile, angeruhusiwa kuzichukua. Lakini dola zote zilikuwa zimechanganywa katika akaunti moja, zikatoka, zikaingia nyingine. Aliyelipwa tarehe 2 Agosti hakulipwa kwa fedha zake. Alilipwa kwa fedha za mwenzake aliyedanganywa kama yeye. Na kwa kuwa Ponzi alikuwa amekwisha kufilisika, haki ilikuwa ni usawa: wenye mbio na wasio na mbio wote wakae katika mstari mmoja. Waliolipwa wakaamriwa warudishe.

Mimi naona Taft alisema kweli, ingawa najua ilikuwa hukumu chungu. Mjane mgonjwa ambaye hakuweza kwenda kusukumana mlangoni ana haki gani pungufu kuliko kijana mwenye mabega? Mwishowe, baada ya miaka kadhaa, wateja wa Ponzi walipata sehemu tu ya fedha zao. Hata nusu haikufika. Ponzi mwenyewe alifungwa, akarudishwa Italia mwaka 1934, akafa maskini huko Rio de Janeiro, Brazil, mwaka 1949.

Hukumu ile iliwasaidia wengine miaka mingi baadaye. Mwezi wa Desemba 2008 alikamatwa Bernard Madoff wa New York, aliyefanya hila ileile kwa miaka mingi. Karatasi alizowapelekea wateja zilionyesha kwamba wana karibu dola bilioni 65. Lakini sehemu kubwa ilikuwa wino tu. Fedha halisi zilizopotea zilikuwa karibu dola bilioni 20.

Wasimamizi waliuliza: tumhesabie mtu kile karatasi inachosema, au kile alichotoa? Mwaka 2011 mahakama ya rufani ilikubali hesabu hii: chukua alizoweka, toa alizokwisha kuchukua. Aliyeweka dola 100,000 na kuchukua 40,000 anadai 60,000, hata kama karatasi yake yasema 300,000. Na aliyechukua kuliko alivyoweka, hadai kitu. Huyo huenda akadaiwa yeye. Mwaka 2010 mjane wa tajiri mmoja, Jeffry Picower, aliyekuwa amechukua nyingi mno kwa Madoff, alikubali kurudisha dola bilioni 7.2. Benki kubwa ya JPMorgan, iliyokuwa ikiweka akaunti ya Madoff, ilitoa dola bilioni 1.7 mwaka 2014. Serikali ya Marekani iliweka mfuko wake wa kuwalipa waliopoteza, nao ulimaliza kazi mwezi wa Desemba 2024. Watu zaidi ya 40,000 wa nchi 127 walikuwa wamerudishiwa karibu dola 94 katika kila 100. Ni jambo la ajabu. Lakini hesabu miaka: tangu 2008 mpaka 2024 ni miaka 16, na Madoff mwenyewe alikwisha kufa gerezani mwaka 2021.

Kwa nini wale walipata na wengi wetu hatupati? Kwanza, fedha za Madoff zilipita katika benki, zikaacha alama. Kwetu mara nyingi mtu humpa wakala noti mkononi, bila risiti, kwa sababu wakala ni mtu wa kanisa lake au msikiti wake au ni binamu yake. Pili, waliochukua nyingi walikuwa matajiri ambao bado walikuwa nazo. Jirani yako aliyevuna mapema amekwisha kununua mabati, ameezeka nyumba. Utayang'oa?

Jambo jingine huwachanganya wengi. Laghai akihukumiwa kulipa faini, faini ile huingia katika hazina ya serikali. Haigawiwi watu. Ili wewe ulipwe, mahakama iamuru fidia, au mali yake ikusanywe na kugawanywa. Ndiyo sababu risiti, ujumbe wa simu wa kutuma fedha, tarehe na jina la aliyepokea ni vitu vya kutunza, na ndiyo sababu kwenda polisi mapema kuna faida, kabla mali haijauzwa au kuandikishwa kwa jina la mtu mwingine.

Tena kuna laghai wa pili. Huyu huja baada ya wa kwanza. Hupiga simu na kusema, "Tumezipata fedha zako, tuma kidogo za gharama tukuletee." Amepata wapi jina lako? Mara nyingi katika daftari la laghai wa kwanza. Msimamizi aliyewekwa na mahakama hakutozi ada kwa simu.

Sasa, mwalimu, zima redio na wape wanafunzi swali hili wazungumze. Bibi mmoja aliweka shilingi 200,000 katika kazi kama ya Ponzi. Akalipwa 300,000, akawalipia watoto ada ya shule. Hakujua kwamba ni hila. Mwezi uliofuata kazi ile ilivunjika, na jirani yake akapoteza 300,000. Je, bibi huyo arudishe kitu? Akirudisha, arudishe kiasi gani, na ampe nani?