Kutoka Gatini hadi Kishapu: Historia ya Maneno ya Kufunga Vyombo Sambamba

Wilaya ya Kishapu, katika Mkoa wa Shinyanga, haina bahari wala haina ziwa. Ni nchi ya pamba, mtama, ng'ombe na almasi za Mwadui, na mvua yake ni ya kusubiriwa. Hata hivyo, mtu akisimama penye kituo cha mabasi cha Mhunze na kusikiliza maneno ya watu wa kazi, atasikia lugha ya mabaharia. Abiria hulipa nauli, ambayo asili yake ni malipo ya kusafirishwa kwa chombo cha majini. Dereva hushika usukani, uliokuwa wa jahazi kabla haujawa wa gari. Mzigo wa pamba ukipangwa vibaya juu ya lori husemwa kwamba mambo yatakwenda mrama, na mrama ni kule kuyumba kwa chombo kinapopigwa na mawimbi. Utingo naye humwambia dereva aegeshe. Na huko Isaka, katika mkoa huohuo, ipo bandari kavu inayohudumia shehena za nchi jirani, bila ya tone la maji ya chumvi.

Katika makala haya twakusudia kufuata historia ya sehemu moja ndogo ya lugha hiyo, nayo ni maneno na adabu za vyombo viwili au zaidi kufungwa ubavu kwa ubavu gatini. Msomaji aweza kuuliza jambo hili lamhusu nini mfasiri wa Dodoma au mwalimu wa Kishapu. Jawabu ni kwamba tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria katika Tanzania. Kanuni za bandari, za vivuko na za mialo hazina budi kuandikwa katika lugha hiyo, na neno lenye maana mbili katika kanuni ya usalama laweza kugharimu maisha ya watu.

Tuanze pwani. Kwa karne nyingi biashara ya bahari yetu iliendeshwa na pepo mbili. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi kati ya Desemba na Machi, na kusi ikavirudisha kuanzia mwezi wa Aprili. Kwa kuwa wote walifuata upepo mmoja, wote walifika katika majira mamoja na kungoja majira mamoja. Katika bandari za majahazi kama Malindi ya Unguja na Bandari ya Kale ya Mombasa, nafasi penye gati ilikuwa haba kuliko vyombo. Baadhi vilitia nanga nje, na shehena ikapakuliwa kwa mashua na matishali. Vingine vilifungwa kimoja ubavuni mwa kingine, na hamali mwenye gunia mgongoni akapita juu ya chombo kimoja ili kufika katika cha pili. Hapo ndipo adabu ilipohitajika, kwa maana sitaha ya chombo ni nyumba ya watu. Ndipo wanapolala, wanapopika na wanaposali.

Adabu hizo ni chache, na kila moja ina sababu yake. Ya kwanza ni kupiga hodi. Nahodha anayefika humwomba ruhusa nahodha aliyetangulia kabla ya kurusha kamba. Ya pili ni kwamba chombo kikubwa hukaa ndani, yaani karibu na gati, na kidogo hukaa nje, kwa sababu kidogo kikiwa katikati chaweza kusetwa. Ya tatu ni kwamba kila chombo hupeleka kamba zake chenyewe hadi nchi kavu, moja kutoka omo na nyingine kutoka tezi. Asiyefanya hivyo humtwika jirani yake uzito wote wa chombo chake. Ya nne ni kupanga vyombo ili milingoti isilingane; vyombo vikienda mrama kwa pamoja, milingoti iliyolingana hugongana juu ingawa mbavu chini zimekingwa. Ya tano ni kwamba mpita njia hupita upande wa omo, mbele ya mlingoti, wala hakatizi tezini penye makazi ya nahodha. Ya sita ni kuambizana saa ya kuondoka. Chombo cha ndani kikitaka kutoka kwanza, wa nje hana budi awepo ili azishike kamba zake na kuzifunga upya. Kufungua kamba ya mwingine bila ya kumwambia ni kosa katika bandari zote duniani.

Pwani yetu ina sababu moja zaidi ya kuwa macho. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa yaweza kufikia karibu mita 4. Kamba iliyokazwa maji yakiwa yamejaa hukatika au hukining'iniza chombo maji yakipwa. Kwa hiyo kufunga sambamba si kazi ya mara moja. Ni zamu ya usiku kucha, na walio ndani huwategemea walio nje kama nao wanavyotegemewa.

Sasa tutazame maneno. Tunayo mengi ya sehemu za chombo, na kamusi ya A. C. Madan ya mwaka 1903 na ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 zilikusanya sehemu kubwa yake. Omo, tezi, mkuku, foromali, jarari na demani yote yamo. Limo pia neno dasturi, ambalo ni mti unaochomoza mbele ya chombo. Neno hilo ni la umbo moja na dasturi au desturi kwa maana ya mazoea ya watu. Penye vyombo vilivyosongamana, mti huo ndio unaotangulia kumchoma jirani, na mazoea mema ndiyo yanayouzuia.

Kwa tendo lenyewe la kuvikutanisha vyombo, wazee walikuwa na kitenzi pambana. Kilitumiwa kwa vitu kukutana mahali pembamba, na kwa vyombo vilivyogusana mbavu, ama kwa kukusudia ama kwa ajali. Leo maana ya vita na mashindano imekitawala kitenzi hicho. Kanuni ikisema "vyombo vipambane gatini", msomaji wa leo ataelewa vigongane, yaani jambo lilelile tunalotaka kulizuia. Kwa sababu hiyo hatushauri neno hili lirudishwe katika kazi yake ya zamani, ingawa ni letu na ni zuri. Mwenzake, pambanua, amebaki na heshima yake. Kwa kiambishi cha kutendua, kama funga na fungua, kupambanua ni kutenganisha vilivyokutana. Na kutoka hapo likapatikana wazo la kutofautisha maana na maana.

Kitenzi cha pili ni egesha. Ni jamaa ya egama na egemea, na mabaharia walikitumia kwa kukisogeza chombo hadi kikatulia penye gati au pwani. Magari yalipoenea, kitenzi hiki kilipanda barabarani, kikafuata reli na malori hadi bara. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, ikipitia Shinyanga, na pamba ya Usukuma ikaanza kupakiwa na kupakuliwa kwa maneno ya bandarini. Leo maegesho ni mahali pa magari, na mtoto wa Kishapu anayeegesha baiskeli ukutani hajui kwamba anatumia neno la nahodha. Hatuoni ubaya wowote. Lugha iliyo hai husafiri. Lakini egesha peke yake halisemi kwamba chombo kimefungwa kwa chombo kingine.

Mambo haya hayakomei pwani. Katika Ziwa Viktoria, lililo karibu zaidi na Shinyanga na Geita, mahali pa kushukia samaki huitwa mwalo, wingi mialo, na pwani huitwa diko. Soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, limepata jina lake hapo, na dagaa wanaoliwa bara hupitia katika mialo ya namna hiyo. Ziwa halina maji kujaa na kupwa ya kuhesabika, hivyo kamba hazihitaji zamu ileile. Lakini upepo wa ghafla na mawimbi yapo, na mitumbwi iliyobanana ufukweni husuguana. Wabebaji hupita kutoka mtumbwi hadi mtumbwi kama walivyopita mahamali wa Malindi. Mazingira ni tofauti, adabu ni moja.

Hatari nayo ni moja. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na Kisiwa cha Ukara, wakati kilipokuwa kinakaribia kutia nanga, na watu zaidi ya 200 wakafa. Hatudai kwamba upungufu wa maneno ulikipindua. Twasema tu kwamba dakika za kukaribia gati ndizo ambazo watu husimama, hujazana upande mmoja na huharakisha kushuka. Na katika dakika hizo amri hutolewa mara moja na haina budi kueleweka mara moja, na wa pwani na wa bara vilevile.

Kwa hiyo twapendekeza haya. Kwa tendo la vyombo kufungwa ubavu kwa ubavu, litumike kufunga sambamba. Kufunga kwaitaja kamba, na wajibu wote umo katika kamba. Sambamba kwaonyesha mpangilio, na neno hilo lajulikana nchi nzima. Kilicho karibu na gati kiitwe chombo cha ndani, na kilicho mbali chombo cha nje. Kamba ziitwe kamba ya omo na kamba ya tezi. Kitu cha kuzuia mbavu zisisuguane, ambacho mara nyingi ni tairi kuukuu, kiitwe kinga ubavu. Kuegesha kubaki kwa chombo kinachosogezwa gatini, na kwa magari kama ilivyozoeleka. Mwalo na diko yote mawili yakubaliwe, kila moja kwa mahali pake, bila ya kulifuta lolote.

Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Istilahi nazo ni hivyo. Kila ofisi ikijitungia yake, kanuni moja itasomwa kwa njia kumi. Walimu wa Kishapu na wa wilaya nyingine za bara wanaweza kuanzia na maneno ambayo wanafunzi wanayo tayari, yaani nauli, usukani, mrama na kuegesha, kisha kuwaonyesha yalikotoka. Na wasomaji wetu walio karibu na mialo, tunawaomba watukusanyie maneno ya Kisukuma, Kizinza, Kikerewe, Kijita na Kihaya yanayotumiwa kwa mitumbwi kufungwa pamoja. Huenda miongoni mwake limo neno moja fupi linalofaa kuliko hayo tuliyoyapendekeza, nasi tutalipokea.