Kifafa cha Uvimbe

Tabibu wa wanyama amwambiapo mwenye mbwa kwamba mnyama wake ameota uvimbe ndani ya ubongo, na kwamba uvimbe huo ndio umwangushao na kumtoa povu, hutumia maneno mawili ambayo Kiswahili kimekuwa nayo tangu kale, uvimbe na kifafa, lakini hana jina moja la kuyakusanya. Na kwa kuwa jina hilo halipo, msikilizaji aghlabu hurudi nyumbani akidhani ameelezwa habari za maradhi mawili yaliyokutana kwa nasibu katika kiwiliwili kimoja, ilhali uvimbe ni shina na kifafa ni tawi lake. Katika vitabu vya utabibu hali hii huitwa kwa jina lenye maana ya kifafa kitokanacho na hitilafu ya umbile la ubongo. Jina hilo ni sahihi, lakini ni refu, tena halimwambii mwenye mbwa ni hitilafu gani. Na mimi nashauri kwamba, pale hitilafu yenyewe iwapo ni uvimbe, tuseme kifafa cha uvimbe.

Njia ya istilahi hiyo imekwisha fyekwa na wakunga wetu. Mwanamke mjamzito ambaye shinikizo la damu limempanda hata akaanguka na kukakamaa viungo, husemwa ameshikwa na kifafa cha mimba, wala hapana mtu, mjini au shamba, asikiaye maneno hayo akadhani mama huyo ni mwenye kifafa cha maisha. Kiungo kile kidogo, cha, kimeonyesha asili ya anguko, na pamoja na asili kimeelekeza kwenye tiba, maana tiba yake kubwa ni kumzalisha mama. Tukisema kifafa cha uvimbe tutakuwa tumefuata kanuni ile ile, na mwenye mbwa atafahamu bila ya darasa kwamba vidonge vya kuzuia anguko haviyeyushi kilichomo kichwani.

Neno kifafa lenyewe lastahili kutazamwa. Wayunani waliyaita maradhi haya kwa jina litokanalo na kitenzi cha kukamata. Waarabu huyaita sar', kwa maana ya kubwagwa chini. Na Mswahili hukutana nao wote wawili asemapo kwamba fulani ameshikwa na kifafa, au ameanguka kifafa. Ndani ya semi hizo imo dhana kwamba yupo mshikaji, na dhana ya jamii hiyo ndiyo iliyowapeleka wazazi wengi kwa mganga mtoto alipopatwa na degedege, jina lililofungamana na ndege aliyeaminiwa kumpitia mtoto. Kitabu cha Kiyunani juu ya maradhi yaliyoitwa matakatifu, kilichohifadhiwa kwa jina la Hippocrates na kilichoandikwa zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, kiliikanusha dhana hiyo kwa ushahidi wa mnyama: mbuzi nao huanguka, na apasuaye kichwa cha mbuzi wa namna hiyo huukuta ubongo umejaa maji na unanuka, na kwa hayo hujulikana kwamba kiudhicho mwili ni maradhi, si mungu. Basi si ajabu, wala si kumdhalilisha mwanadamu, tukilitumia jina la maradhi yake kwa mbwa.

Wapo watakaopendelea neno mtukutiko, ambalo hutumiwa kwa harakati za maungo zisizo na hiari. Nalithamini neno hilo, lakini halitoshi, kwa sababu mbwa huweza kushikwa pasipo kutukutika: pengine hukodoa macho asisikie akiitwa, pengine hutafuna upepo kana kwamba anadaka nzi, pengine ni upande mmoja tu wa uso uchezao. Mtukutiko ni jina la kionekanacho. Kifafa huchukua na kisichoonekana.

Sasa, si kila mbwa aangukaye ana uvimbe. Mwaka 2015 jopo la kimataifa la matabibu wa kifafa cha wanyama lilitoa maafikiano juu ya maana za majina haya, likataka yawepo maanguko yasiyopungua mawili, yasiyochochewa na sumu wala upungufu wa mwilini, na yaliyoachana kwa zaidi ya saa 24, kabla mbwa hajaitwa mwenye kifafa. Kifafa kisicho na dosari ionekanayo ubongoni aghlabu huanza kati ya umri wa miezi 6 na miaka 6. Mbwa aliyevuka umri huo salama, kisha akaanguka kwa mara ya kwanza uzeeni, hana budi kudhaniwa uvimbe, na ulio mwingi zaidi ni ule uotao katika utando ufunikao ubongo, uitwao meninjioma. Uvimbe huu kwa kawaida hautawanyiki mwilini kama saratani kali. Lakini fuvu ni mfupa usiotanuka, na kila kikuacho ndani yake hukua kwa kuukandamiza ubongo. Kwa hiyo neno uvimbe lisimpumbaze mtu kwa upole wake.

Pana hatari nyingine ya kukosa jina. Mbwa aliyeamka katika anguko huyumba, hutoka mate, hujigonga ukutani, na huweza kumng'ata amlishaye kwa kuwa hajamtambua. Na atazamaye kwa mbali hupiga ukelele wa kichaa cha mbwa, na rungu hufuata. Hofu hiyo ina haki yake katika nchi zetu, na yeyote aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji tele kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kungoja. Lakini mbwa wa kifafa hurudiwa na fahamu na mizaji yake, ilhali wa kichaa huzidi kuharibika, na aambukizaye kichaa aghlabu hafikishi siku 10. Iko pia homa ya mbwa ishambuliayo ubongo, ambayo mwaka 1994 iliwafikia simba wa Serengeti, wakaonekana wakianguka na kutukutika, na takriban theluthi yao wakafa.

Ama ulezi, mbwa akishikwa, ondoa vitu vya kumuumiza, mwepushe na ngazi na maji, punguza mwanga na kelele, wala usitie mkono kinywani mwake, kwa maana hamezi ulimi. Tazama saa. Anguko likipita dakika 5, au la pili likija kabla fahamu hazijarudi, hiyo ni dharura: mwili huchemka na ubongo huungua, na tabibu huenda akawa amekuachia diazepamu ya kutia kwa njia ya haja kubwa. Dawa ya kila siku mara nyingi ni fenobabitoni, ambayo huchukua takriban wiki mbili kutulia katika damu, humzidishia mbwa njaa, kiu na mkojo, hudai ini lipimwe, na haikatizwi ghafla hata siku moja. Kwa ajili ya uvimbe huongezwa prednisoloni, ipunguzayo maji yaliyouzunguka; na upasuaji au mionzi, palipo na uwezo, huongeza muda.

Katika anguko mbwa hujikojolea na kutapakaza mate, na sisi tuliolelewa katika madhehebu ya Shafii twaijua hukumu ya kuosha mara saba, moja kwa udongo. Hukumu hiyo ni ya tohara, haikufuta huruma, kwani hadithi mashuhuri yamtaja mtu aliyesamehewa kwa kushuka kisimani na kumtekea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake.

Mwenye kulea aweke daftari la tarehe, saa na urefu wa kila anguko, kwa maana tabibu hupima dozi kwa habari hizo. Kwa kifafa cha uvimbe usiopasuliwa, hesabu aghlabu ni ya miezi. Na daftari likionyesha kwamba maanguko yanakaribiana juu ya dawa kamili, na kati ya moja na jingine mbwa hali wala hawajui tena watu wake, ni halali ya mlezi kumwomba tabibu sindano ya mwisho, na asikubali kuambiwa na mtu kwamba amemsaliti.